Kwa mwanangu, uliyeniambia unaongea na ukuta

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara nne. "Baba, bado naomba, ila ni kama naongea na ukuta. Sijui kama bado naweza kujiita Mkristo." Nilitaka nikupigie pale pale, nikajizuia. Najijua, ningeanza kuhubiri.

Nianze na hilo neno "bado". Umeliandika mara mbili na sidhani kama umeliona. Aliyeachana na Mungu hasumbuki na ukuta. Anaendelea na shughuli zake. Wewe unabisha hodi na kunung'unika kwamba hufunguliwi. Anayenung'unika hivyo yuko mlangoni.

Kuna jambo sijawahi kukueleza vizuri. Tulipomzika mdogo wako, wewe ukiwa na miaka sita, mzee mmoja wa kanisa alinishika bega pale kaburini akaniambia tungekuwa na imani ya kutosha mtoto angepona. Labda alidhani ananijenga. Nilikaa karibu mwaka mzima siwezi kuomba. Nilipiga magoti kando ya kitanda kwa sababu mama yako alipiga, nikafumba macho, na ndani hamna kitu, debe tupu. Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida. Watu wakiimba, mimi nilishika kitabu cha nyimbo nikiikodolea macho ile namba juu ya ukurasa, mdomo nimeufunga, mpaka ubeti wa mwisho. Niliona ninafanya unafiki. Siku hizi naona vingine: imani yangu yote ilikuwa imeshuka miguuni, na miguu ikanifikisha.

Mwaka ule nilikutana na Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka kabla ya kwisha. Mtu analia weee, kisha anamalizia kwa sifa. Hii haigeuki. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Ukifungua Biblia yangu ya zamani utakuta alama ya kuuliza niliyoichora pembeni kwa penseli, maana nilishangaa: nani aliiruhusu hii iingie humu? Lakini imo, tena katikati ya nyimbo za ibada. Kumbe watu wa Mungu walimwimbia hata hayo, na hakuna aliyewatoa nje.

Halafu mfikirie Yohana Mbatizaji. Ndiye aliyembatiza Yesu, ndiye aliyemnyoshea kidole akasema huyu ni Mwana-kondoo wa Mungu. Baadaye yuko gerezani, siku zinakwenda, hakuna anayekuja kumfungua, naye anatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Swali zito hilo, kutoka kwa mtu kama yeye. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wale wajumbe wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Walipokwisha kuondoka ndipo akawaambia makutano kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana. Sifa hiyo ameitoa mara tu baada ya kuulizwa lile swali, wala si siku ile ya Yordani. Lakini pia gereza halikufunguka. Sipendi tunavyolirukia hilo tukihubiri.

Nadhani sehemu ya shida yako tumekusababishia sisi. Kanisani umekua ukisikia shuhuda za watu waliokwisha kuvuka. Aliyekuwa mgonjwa amepona, aliyekosa kazi ameipata, makofi, haleluya. Ni mara chache mtu asimame aseme, wapendwa, mimi niko katikati ya maji na sioni ng'ambo. Kwa hiyo ukijikuta katikati unadhani umepotea njia peke yako. Paulo aliwaandikia Wakorintho bila aibu: "twaona shaka, bali hatukati tamaa." Hata wale kumi na mmoja pale mlimani Galilaya, Mathayo anasema walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Yesu hakuwachambua, wa shaka upande huu na wasio na shaka upande ule. Aliwatuma wote.

Sisemi kila shaka ni ya kubembelezwa. Iko shaka ambayo ni kisingizio tu; mtu ana jambo hataki kuliacha, basi anakuwa mwanafalsafa. Hilo utajipima mwenyewe, mimi sitakupima kwa barua. Ila yako, kwa ninavyokujua, ni ya mtu anayeumia.

Kwa sasa usiamue lolote saa nane za usiku. Usiache kwenda ibadani, na ukishindwa kuimba, nyamaza uwaache wenzako wakuimbie. Meza ya Bwana ikiandaliwa, nenda na mikono yako mitupu. Ukikosa maneno, yaazime ya yule baba wa Marko 9, aliyemleta kijana wake anayeanguka kifafa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Zamani nilimwona mtu wa imani nusunusu. Tangu nipate ujumbe wako nimekuwa nikiomba kwa maneno yake kila asubuhi, nikikutaja jina.

Na lile swali lako la kwa nini watoto wanateseka, uje nalo ukija likizo. Jibu sina, ningekuwa nalo ningelitumia mwenyewe siku ile kaburini. Lakini nataka nilisikie kwa sauti yako, tumeketi. Mama yako naye ana la kwake, hajawahi kukuambia.

Ni mimi, baba yako