Shukrani kwa fundi aliyenifundisha kupima saketi

Kaka, silitaji jina lako kwa kuwa najua hupendi kutangazwa, lakini shukrani hii ni yako na naitoa hadharani.

Ulinifundisha NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima jinsi saketi inavyopitisha na kurudisha mawimbi, kuanzia pale ambapo wengi huruka: kalibresheni, yaani kukisawazisha kifaa kabla ya kupima. Kwanza ncha iliyo wazi, kisha ya shoti, kisha mzigo wa ohmu 50, zote zikifungwa mwisho wa kebo, ili kebo isihesabiwe kuwa sehemu ya saketi. Ukaeleza kwa utulivu kwamba S11 ni mawimbi yanayorudishwa na S21 ni yanayopenya hadi upande wa pili. Sasa nikiona kichujio, yaani saketi inayopitisha masafa fulani na kuzuia mengine, kimeshuka kwa desibeli 3, najua nusu ya nguvu haikupita.

Ninachokushukuru zaidi ni somo la kristali ya MHz 10, kile kipande cha kwazi kinachotetema kwa masafa yake maalumu. Kifaa chako huchukua nukta 101 tu kila kinapopima. Ukizitawanya kutoka kHz 50 hadi MHz 900, nukta moja na jirani yake zinaachana kwa takriban MHz 9, na kilele cha kristali, pale inapopitisha mawimbi kwa wingi, chembamba kama uzi, hakionekani kabisa. Ulipobana masafa hadi makumi ya kilohezi, kilele kikasimama, na kwenye masafa ya juu yake kidogo likafuata shimo la resonansi ya sambamba, pale kristali inapozuia mawimbi. Nilifurahi mno! Chuoni nilipewa fomula yake. Wewe ulinionyesha yenyewe.

Wateja walikuwa wanakusubiri, na malipo ulikataa. Mungu akuzidishie, kaka. Kebo ulizoniazima nazileta Jumamosi.