Wivu wa Kitabu

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa shikamoo yako. Sisi huku hatujambo. Bibi yako Ujiji naye hajambo, mguu tu ndio unaomsumbua, na akiulizwa anasema ni hali ya hewa.

Nimekuwa nikiyafikiria yale uliyoniambia kwenye simu. Kitabu ulichokisoma tangu kidato cha tatu hadi gundi ikaachia, leo kimekuwa cha kila mtu. Mabinti wa hosteli wanakipiga picha kando ya kikombe cha kahawa. Maneno uliyokuwa ukiyasema moyoni yamechapwa kwenye fulana. Mwenzako mmoja alikusimulia kisa chote kana kwamba hujawahi kukisikia, tena akakosea jina la mama wa yule msichana wa kitabuni, nawe ukanyamaza. Ukamalizia: "Baba, wamekiharibu." Mama yako alicheka sana. Mimi sikucheka, maana ugonjwa huo nimewahi kuuugua.

Unakijua kile kitabu changu kisicho na jalada, *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah. Nilikipata miaka ya tisini, wakati mkoa wetu umejaa wakimbizi wa Burundi na Kongo, na mji umejaa magari meupe ya mashirika. Mfanyakazi mmoja wa mashirika hayo alikuwa anarudi kwao, akawa anauza vyombo vyake: friji, kitanda, masufuria, na boksi moja la vitabu. Watu walikuwa wanagombania friji. Mimi nikaondoka na kitabu.

Ni kisa cha Yusuf, mtoto wa miaka 12. Baba yake anadaiwa na tajiri wa pwani, deni limemshinda, anamtoa mwanawe. Mtoto mwenyewe anapanda treni na yule tajiri akidhani ni ami yake. Akishakua kidogo anachukuliwa kwenye msafara wa biashara, bara kwa bara, mpaka ng'ambo ya ziwa. Nilipofika kwenye ziwa sikuhitaji kuambiwa ni lipi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaja kuishia hapo Ujiji, tunaposhuka daladala kwenda kwa bibi yako, kwenye ile miembe ambayo wazee wanasema ni ya enzi hizo.

Kitabu hicho kilifika kwenye orodha fupi ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya huko Uingereza, mwaka 1994. Sifa hizo hazikufika Kigoma. Nilifundisha Kiingereza miaka yote ile bila kukutana na mtu mwingine hapa mjini aliyekisoma, na kusema kweli nilipenda hali ibaki hivyo. Niliwahi kumwazima mwalimu mwenzangu. Wiki haikuisha nikamfuata kwake kukichukua, eti nina haja nacho.

Basi ikaja tarehe 7 Oktoba 2021. Redio ikatangaza kwamba Gurnah amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwenyewe alipopigiwa simu kwake Uingereza alidhani anataniwa. Huku kwetu hakuna aliyedhani ni utani. Kufikia jioni kila mtu alikuwa mtaalamu. Pale kijiweni wakabishana kama ni Mtanzania au Mwingereza, maana aliondoka Zanzibar akiwa kijana, baada ya Mapinduzi. Wengine walikuwa wanapiga meza, "Huyu ni wetu!", siku ile ile waliyolisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Nilikunywa kahawa yangu nikaondoka. Usiku nikakitoa kitabu kabatini, nikaandika jina langu ukurasa wa kwanza kwa peni ya bluu, kama mfugaji anayetia ng'ombe wake chapa. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kuliandika.

Nimejiuliza sana ni nini hasa kilichoniuma. Si kwamba walipata bure nilichokitolea jasho. Mimi mwenyewe nilikiokota kwenye mabaki ya friji. Na wala maneno ya kitabu hayakubadilika hata nukta. Nadhani ni hivi. Zamani nikimpa mtu kitabu kile, alikuwa hana kingine cha kushika ila neno langu: soma. Akikipenda, amenipenda na mimi kidogo. Baada ya tuzo, neno langu halihitajiki tena, tuzo imeshasema. Hicho kimepotea kweli, mwanangu, na kwa hiyo sitakwambia ufurahi tu kwamba wenzako wanasoma. Watakwambia hivyo wengi. Ni maneno mazuri ila hayatibu.

Mwaka uliofuata, 2022, kikatoka kwa Kiswahili: *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kimechapishwa na Mkuki na Nyota. Kazi kama ile haifanywi kwa usiku mmoja, kwa hiyo sisemi ni tuzo iliyokileta. Lakini kelele za tuzo ndizo zilizonifikishia habari, nikaagiza nakala Dar es Salaam, nikampelekea bibi yako.

Macho yake unayajua, kwa hiyo nikawa namsomea barazani baada ya alasiri. Nilitaka aione bustani ya yule tajiri, ambayo mimi niliipenda kuliko vyote, maji yake na kivuli chake. Hakuijali hata kidogo. "Endelea," ananiambia, "maua nimeyaona." Alichotaka ni mama yake Yusuf: alibaki vipi, alikula nini jioni ile, alizungumza nini na mume aliyemtoa mtoto. Khalil, yule kijana wa dukani anayewatania wateja, alimpenda tangu alipofungua mdomo. Tulipofika njiani, ambako mnyapara Mohammed Abdalla anawatesa wapagazi, nikajifanya kuruka kurasa. Akanishika mkono. "Soma yote."

Nikasoma yote. Akakaa kimya, akavuta kanga mabegani, kisha akaanza kunisimulia mambo ya bibi yake mzaa mama, aliyevushwa ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo, akiwa binti mdogo. Katika ukoo wetu tunasema "tulikuja" Ujiji, na hapo mazungumzo huishia. Siku ile alisema bibi yake huyo aliletwa, na nani, na kwa kitu gani. Sitaiandika hapa, utamwuliza mwenyewe, anangoja umwulize. Kisa cha Yusuf kinaishia vita ya Wajerumani inapofika, na mwaka vita ilipoanza, 1914, ndio mwaka reli ilipofika Kigoma, baba yake bibi akiwa bado ananyonya. Mambo niliyokuwa nayaita fasihi, kwake ni mambo ya juzi.

Sasa sikiliza kichekesho. Majirani walianza kuja kusikiliza, wakawa wanakirudia kisa huko majumbani mwao, kila mmoja kwa namna yake. Bibi yako anawakosoa! "Hukusikia vizuri wewe, Yusuf hakufanya hivyo." Juzi mama mmoja aliomba kitabu mjukuu wake akisome, akaambiwa kina kazi. Kinalala chini ya mto wake. Mimi niliyekinunua nikikitaka naulizwa nitakirudisha lini.

Kwa hiyo huyo mwenzako aliyekosea jina la mama wa yule msichana, mrekebishe. Kwa nini unyamaze? Mwambie jina lenyewe, umwambie na ukurasa. Akikasirika basi, lakini huenda akakuuliza jambo ambalo hukulitazama ukiwa kidato cha tatu.

Na kuna jambo moja limenijia nikiandika barua hii. Kitabu chako chenyewe mimi sijakisoma. Miaka yote hii kilikuwa chumbani kwako na hukuniazima. Ukija likizo njoo nacho, kile cha zamani chenye maandishi yako pembeni, usiniletee hicho kipya. Nitakirudisha ndani ya wiki, sina tabia ya bibi yako.

Mama yako anakusalimu. Mawese na migebuka utavipokea kwa dereva wa siku zote, ila galoni ulirudishe, ni la watu.

Baba yako