Kwa mdogo wangu, kuhusu ile chelewa uliyoivunja

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Tangu tumalize arobaini ya Mama nimekupigia mara nne, hupokei. Ujumbe unausoma, naona alama zinageuka buluu, kisha kimya. Basi naandika hapa, mahali ambapo najua utapita. Watakaopita wengine nao wasome. Nyumba yetu haijawahi kuwa na siri, mtaa mzima wa Ngamiani ulijua hata siku tulizolala na uji.

Nianze na chelewa, kile kijiti cha ufagio, maana ndiyo inayonikosesha usingizi.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya Alasiri, watu walikuwa wamepungua. Mwanao alinifuata mwenyewe ukumbini. Alikuwa ameona wanangu wakisoma akasema, "Baba mkubwa, na mimi nionyeshe." Ulitaka nimwambie nini? Nikaenda uani, nikachomoa chelewa moja kwenye ufagio wa Mama, nikaikata urefu wa shibiri. Ndicho kijiti tulichofuatishia sote, mimi na wewe na mama zetu kabla yetu. Nikamfungulia kijitabu cha herufi, nikamwekea ncha ya chelewa chini ya alifu.

Bee, tee, thee zilimpita upesi, hizo ni za kuhesabu vitone tu. Alipofika jimu akacheka. "Hii imemeza kitone." Nikamsogezea haa. "Hii haijala." Khaa akaitazama kidogo, akasema, "Hii imebeba kichwani." Nasomesha watoto barazani kwangu mwaka wa 12 huu na sijapata kusikia mtoto akizipanga hizo tatu namna ile. Wengi hunikwama hapo wiki nzima. Tukawa tunaitafuta sauti ya khaa kooni, anakwaruza kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki, tunacheka wote wawili. Ndipo ulipoingia.

Hukusema neno. Ulimchukulia mtoto ile chelewa vidoleni, ukaivunja mara mbili, ukavitupa vipande uani. Kisha ukasema mbele ya Shangazi, mbele ya majirani waliokuja kutupa pole: "Mwanangu hashikiwi fimbo." Mtoto mdomo ungali wazi, khaa yake haijatoka.

Fimbo! Chelewa ile hata nzi haimuumizi. Shangazi akasema, mwacheni, ana uchungu wa mama yake. Nikakuacha. Usiku ule ule kwenye khitma, kisomo cha kumwombea Mama, sanduku la juzuu, zile sehemu 30 za Kurani, lilipopitishwa ukachukua yako, ukaifungua mapajani, na mpaka wenzako walipofika mwisho wewe hujageuza hata ukurasa mmoja. Watu waliona, mdogo wangu. Mimi nilikuwa mkabala nawe.

Najua hukuiona chelewa. Najua ulichokiona. Nilitumai nitaandika barua hii nzima bila kufika huko, naona haiwezekani.

Ulikuwa mwaka ule timu yetu ya mpira, Coastal Union, ilipochukua ubingwa, 1988. Wewe una miaka 11, mimi 15, na mimi ndiye khalifa wa chuo, mwanafunzi mkubwa anayemsaidia mwalimu wa Kurani. Mwalimu simtaji jina, ametangulia mbele ya haki, na wanawe ni watu wetu. Ulikuwa umeanza Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kama wanavyoanza wote, kutoka Annaasi kupanda juu. Sura 34 ulikuwa umeshazimaliza, zimebaki 3: Abasa, Annaaziati na Amma yenyewe. Mama alikuwa ameshanunua kitambaa cha kanzu yako.

Abasa ilikushika. Hukuwa mzito, ila pale panapotajwa vyakula ulikuwa unaruka. "Wa'inaban waqadhbaa, wazaituunan wanakhlaa, wahadaaiqa ghulbaa, wafaakihatan waabbaa." Ulifika pale Jumatano asubuhi, ukasimama. Badala ya kuendelea ukainua uso ukauliza: "Mwalimu, abba ndiye baba?"

Chuo kizima kilicheka. Na mimi nilicheka. Baba alikuwa Mombasa mwaka wa pili, hakuna aliyekuwa hajui kwa nini, na ndiyo maana kicheko kilikuwa kikubwa vile. Mwalimu hakujua tunachekea nini, akadhani umemfanyia mzaha, au umeifanyia mzaha Kurani. Akaagiza falaka.

Watoto wa leo hawaijui, wanangu niliwaeleza wakafikiri nawatungia. Ni mti na kamba. Miguu inapitishwa kwenye kamba, mti unazungushwa mpaka kamba ikaze, watu wawili wanashika huku na huku, nyayo zinatazama juu. Mimi nilishika upande wa kulia. Na nilihesabu, kwa sauti, maana chuoni kwetu kuhesabu kulikuwa kazi ya khalifa. Nane.

Sasa nisikilize. Nisingeshika mimi angeshika mwingine, na unawajua waliokuwepo, wasingekuhurumia. Mama mwenyewe alimwambia mwalimu siku anatupeleka, huyu na huyu ni wako, mimi nirudishie mifupa. Mimi nilipigwa mara nyingi kuliko wewe, na nilihitimu msahafu, na leo nasimama mbele za watu nasoma. Zamani ilikuwa hivyo. Na mti ule niliulegeza kidogo kwa ajili yako.

Hapana. Sikuulegeza. Mwalimu alikuwa ananitazama.

Lakini hilo silo ninalolikumbuka zaidi, na sijui kama unajua. Ni njiani tunarudi, umetembea kwa visigino mpaka karibu na nyumbani, machozi yamekukauka, ukanivuta shati: "Kaka, lakini ni nini?" Ulikuwa bado unataka kujua. Nikakwambia nyamaza. Nilikwambia nyamaza kwa sababu mimi khalifa, niliyewasomesha wenzangu sura hiyo, nilikuwa sijui.

Hakuna aliyekuwa anajua. Tulihijiza, fataha na kasra na dhumma, tukaunganisha, tukahifadhi. Maana iliachwa kwa wakubwa, na wakubwa nao walikuwa wamesoma kama sisi. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilikuwepo kamili tangu 1969, nakala moja ilikaa rafuni kwa mwalimu imefungwa kitambaa. Ungeinuka mtu mmoja tu akaifungua. Ni majani. Abba ni majani ya kulishia wanyama! Aya inayofuata inasema hivyo hivyo, kwa manufaa yenu na ya mifugo yenu. Ulipigwa nane kwa ajili ya majani ya mbuzi.

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, kwenye darsa ya Ramadhani. Sheikh akasimulia kwamba Sayyidna Umar, swahaba mkubwa wa Mtume, alikuwa juu ya mimbari akisoma sura hiyo, akafika hapo hapo ulipofika wewe, akasema: tunda tumelijua, abba ni nini? Umar bin Khattab, mdogo wangu. Nilitoka nje nikasimama kwenye viatu kama ninayetafuta vyangu.

Nilitaka kukupigia usiku ule. Sikupiga, na sababu ni kwamba sheikh aliendelea. Umar akajirudi mwenyewe, akajiambia huku ni kujikalifisha. Hapo ndipo nilipong'ang'ania, miaka yote hii. Nikajiambia, umeona? Hata Umar aliacha, mtoto wa miaka 11 alikuwa anahojihoji nini? Ilinifaa sana ile nusu ya pili ya hadithi. Ila Umar alijirudi mwenyewe, hakufungwa miguu.

Na sura yenyewe imeanzaje? Kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, amekuja mbio kutaka kufundishwa, akakunjiwa uso, na aya zikashuka kumtetea aliyekuja kuuliza. Tulisoma hayo kila asubuhi kwa sauti mpaka barabarani wakasikia.

Haya, nimesema. Lakini na wewe ulichukua, usijifanye hukuchukua. Hukurudi chuoni. Mama alikubembeleza, akakununulia viatu, ukawa unaaga unaenda chuoni unaishia uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Siku yangu ya khitma, ya kuhitimu msahafu, mbuzi amechinjwa, wewe ulisimama mlangoni na fulana ya mpira. Kile kitambaa cha kanzu tumekikuta kabatini kwake tulipokuwa tunagawa vitu vyake, kimekunjwa na karafuu ndani. Wewe ulikuwa umeshaondoka, hukukiona. Kwa hiyo usiniambie kwamba siku ile uliumia peke yako.

Kuhusu mtoto. Yule ni mwanao, siwezi kumnyang'anya. Ila ana miaka 9 na Alhamdu anaisoma kwa kuokoteza kwenye simu. Madrasa za siku hizi zina madarasa na mitihani, nyingine nzuri, nyingine ni zile zile zimepakwa rangi. Usimpeleke mahali kabla hujakaa barazani siku tatu ukasikiliza. Usisikilize watoto wanavyosoma, sikiliza mwalimu anavyojibu wakikosea. Kuna walimu wa Misri wanaosomesha kwa simu, tajwidi yao, yaani matamshi, safi, lakini sijui mtoto atacheka na nani akitafuta khaa kooni.

Mimi kwangu kila sura mpya naanza na kisa. Fili naanza na tembo wa Abraha, mpaka watoto wanagombania kuwa ndege. Wakiuliza najibu, nisipojua nasema sijui, kesho yake nimefungua kitabu. Sipigi. Henzirani, bakora ya kuchapia, ninayo, sitakudanganya, iko juu ya kabati na inaonekana. Naiweka ionekane tu. Nimeandika sentensi hiyo nikainua macho, bado iko pale, na najua utakachosema.

Au msomeshe wewe. Umekasirika, lakini fikiria. Sura 34 hazikutoki, nilikusikia Januari unamswalisha mwanao Magharibi, ulisoma Attini ukavuta madda, zile sauti ndefu, zote mahali pake. Hizo ulifundishwa kule kule, na mtu yule yule, na mimi nikikusahihisha. Sijui nizihesabu upande gani.

Vile vipande vya chelewa niliviokota jioni ile, nikavitia kwenye kile kijitabu, kijitabu nikakisukumiza kwenye mfuko wa mbele wa begi la mtoto. Kimekaa pale tangu siku mliyoondoka. Ukurasa nimekunja pembe. Ameishia khaa. Inafuata dali, haina kitone.

Kaka'ko.