Baba, pesa ya jarida sitatuma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na wadogo uwasalimie mmoja mmoja kwa majina yao, asije mtu akanuna. Sisi huku hatujambo. Baridi tumeizoea, kazi zinakwenda.

Ujumbe wako wa kuniomba nitume pesa ya kuchapishia makala ya utafiti ya mdogo wangu Rehema nimeupata. Ule wa Baraka kwenye kundi la familia, wa kuniita bahili, nao niliuwahi kabla hajaufuta. Niwie radhi Baba, pesa hiyo sitatuma, na naomba barua hii isomwe mbele ya wote, Baraka akiwepo. Kazi ya kukagua makala za watu ndiyo ninayoifanya huku, na mwezi huu jarida moja kubwa la fani yangu limeniteua kuwa mhariri msaidizi. Hilo mwambieni na Mjomba, aliyesema mtu hawezi kusomea hisabati na muziki akapata ugali wake.

Hao waliomwandikia Rehema, eti jarida lao litaichapisha makala yake akilipa ada, ni matapeli. Jarida la kweli halimtafuti mwanafunzi kwa barua pepe likimwita "Profesa Mtukufu", wala halimwahidi kwamba makala itakubaliwa ndani ya siku 3. Kupata wasomi wawili wa kuikagua kazi kwa uzito huchukua wiki, na kwa kawaida miezi. Eti lina namba ya ISSN! Namba hiyo hupewa chapisho lolote la mfululizo linaloomba, haisemi chochote kuhusu ubora. Na jarida linalopokea hisabati, uuguzi, sheria na kilimo kwa pamoja, huku ofisi yake ikiwa ni anwani ya barua pepe ya bure, lina wahariri gani? Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala bandia yenye makosa ya waziwazi akaisambaza kwa majarida 304 yanayotoza ada. Yaliyoikubali yalikuwa 157, yaliyoikataa 98.

Sisemi kila anayetoza ada ni mwizi. Yapo majarida ya heshima yanayotoza, ila kwa kawaida hudai baada ya makala kupita kwa wakaguzi, ada yao imeandikwa wazi tangu mwanzo, na mengi humsamehe mtafiti asiye na uwezo akiomba mapema. Rehema aingie kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, aandike ISSN ya jarida, aone kama limo. Kisha afungue tovuti ya jarida kupitia orodha hiyo, si kupitia kiungo alichotumiwa, maana siku hizi matapeli huiba jina na namba ya jarida la kweli wakafungua tovuti ya uongo pembeni. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyemwambia, nalo ndilo linaloniuma: majarida yanayoifaa kazi yake hayahitaji senti yake. Psychology of Music na Music Perception hayamtozi mwandishi ikiwa makala inakwenda kwa wasomaji wanaolipia. Music Theory Online haitozi kabisa. Sasa nilipie nini?

Ila Baba, hata kwa majarida hayo makala haijawa tayari. Nimeisoma yote na viambatisho vyake. Binti yako ana kichwa, na swali lake ni zuri: je, kusikiliza muziki kabla ya mtihani wa hesabu kunasaidia? Yeye na Baraka wamebishana mpaka wewe ukaamua kwamba "utafiti umeshathibitisha muziki huongeza akili". Utafiti huo umethibitisha nini hasa? Ule wa mwaka 1993, wa Rauscher, Shaw na Ky katika jarida la Nature, ulikuwa na wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Walisikiliza Mozart kwa dakika 10, wakapanda pointi 8 au 9 katika maswali ya maumbo na nafasi tu, na faida hiyo haikudumu zaidi ya dakika 10 hadi 15. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Lakini mwaka 1998 gavana wa Georgia, huko Marekani, aliomba fedha za serikali ili kila mtoto mchanga apewe muziki wa aina hiyo. Waliorudia jaribio baadaye, wengi waliona faida ndogo au hawakuiona. Mwaka 1999 Nantais na Schellenberg waliwapa watu chaguo jingine, hadithi ya kusikiliza badala ya ukimya: waliopenda hadithi walifanya vizuri baada ya hadithi, waliopenda muziki baada ya muziki. Kumbe kinachosaidia ni mtu kuchangamka.

Kwa hiyo Rehema, mdogo wangu, sasa nasema nawe. Kundi lako la kulinganisha lisikae kimya. Dakika 10 za kukaa bure humchosha mtoto, na ukimkuta amefanya vibaya hutajua kama muziki uliwainua wengine au ukimya ulimzubaisha yeye. Wape hadithi iliyorekodiwa, ya urefu uleule, kwa sauti ileile. Pima kwa kipima sauti pale masikio yalipo, desibeli 65 hadi 70 zinatosha, na uandike ulipimaje.

Kosa kubwa si hilo. Muziki umeupeleka darasa A na ukimya darasa B. Madarasa hayo yana walimu wawili, na kipindi kimoja kilikuwa asubuhi, kingine baada ya mapumziko. Hata ungekuwa na watoto 100 kila upande, tofauti uliyoipata inaweza kuwa ya mwalimu au ya saa. Mkaguzi yeyote ataliona hilo ukurasa wa pili na ataikataa, na atakuwa na haki.

Dawa yake haina gharama. Chukua watoto walewale 40, kila mmoja apite pande zote mbili: siku moja muziki, wiki moja baadaye hadithi, saa ileile, msimamizi yuleyule. Tunga karatasi mbili za mtihani zenye ugumu sawa, zijaribu kwanza kwa watoto wengine. Kwa kuwa mtoto akirudia mtihani hupanda kwa mazoea tu, lazima ugeuze mpangilio: wengine waanze na muziki, wengine na hadithi, na katika kila upande wengine waanze na karatasi ya kwanza, wengine ya pili. Hapo una mipangilio minne. Andika vikaratasi 40, kumi kwa kila mpangilio, vikunje, changanya, kila mtoto achukue kimoja. Usiwapange wewe kwa macho, hata ukidhani unatenda haki. Atakayesahihisha asijue karatasi ipi ilifuata muziki.

Utaona hapa hisabati inavyokulipa. Kwa makundi mawili ya watu tofauti, ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti ya nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), unahitaji watu 64 kila kundi. Ulikuwa na 20, yaani nafasi yako ilikuwa kama theluthi moja. Ukimlinganisha mtoto na yeye mwenyewe, na ikiwa hiyo nusu ni ya mchepuko wa tofauti za watoto kati ya siku hizo mbili, watu 34 wanatosha. Unao 40, na wagonjwa wawili watatu wakikosa bado umo.

Sasa hiyo p yako ya 0.04, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu kama muziki haufanyi kazi, uliyoipigia mstari kwa kuwa iko chini ya mpaka wa 0.05. Ulipima vitu saba: kujumlisha, kuzidisha, sehemu, maumbo, kukumbuka namba, umakini na furaha. Kimoja tu ndicho kilichotoka, na ndicho ulichokiweka kwenye kichwa cha makala. Kama muziki haufanyi kazi kabisa, na vipimo hivyo havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kuangukia chini ya 0.05 kwa bahati tu ni 1 kutoa 0.95 kwa kipeo cha saba, karibu asilimia 30. Anayepima vitu saba huugawa mpaka huo kwa saba: 0.05 kwa 7 ni 0.007, nawe huifikii. Simmons, Nelson na Simonsohn waliionyesha hatari hii mwaka 2011 kwa makusudi: kwa kuchagua vipimo, kuongeza watu kidogo kidogo na kuingiza umri wa baba katika hesabu, walipata kwamba wanafunzi waliosikiliza "When I'm Sixty-Four" ya Beatles walikuwa wadogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu kuliko waliosikiliza wimbo uitwao "Kalimba". Wimbo kumpunguzia mtu miaka! Na takwimu zilikubali.

Chagua kipimo kimoja sasa, kabla ya kuanza. Andika nadharia tete yako, idadi ya watoto na jinsi utakavyokokotoa, uvisajili kwenye Open Science Framework, tovuti ya watafiti. Ni bure, na tarehe hubaki. Vingine sita vipime ukipenda, ila viite vya uchunguzi tu. Kibali cha maadili na ridhaa za wazazi nimeviona, safi, lakini utaratibu ukibadilika kamati lazima iarifiwe kabla, haitoi kibali cha nyuma.

Sura ya muziki imenifurahisha, halafu ikanikasirisha. Umeandika kwamba watoto "walisikia uwiano kamili wa 3 kwa 2" wa mitetemo kati ya do na so. Hawakuusikia. Umerekodi kwa kinanda cha umeme, na kinanda hakina uwiano huo. Panda kutoka do hadi so mara 12 kwa uwiano wa 3 kwa 2: unapata 129.75. Oktavu saba, yaani kutoka do hadi do ya juu yake mara saba, ni 128. Mduara haufungi, unazidi kwa senti 23.5 (senti za muziki, 100 kwa kila nusu-toni), karibu robo ya nusu-toni, ndiyo maana mafundi wa kinanda huigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja ikizidishwa kwa 1.05946. So ya kinanda ni senti 700, ile kamili ni 701.955. Kwenye sauti ya hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, so kamili ni 330, ya kinanda ni 329.63. Shikilia hiyo ya 220 na so yake kwa pamoja kwenye kinanda cha kawaida usikilize kwa makini: kuna wimbi la polepole linalopanda na kushuka kila baada ya sekunde moja na kitu. Ama futa sentensi hiyo, ama rekodi upya kwa waimbaji wanaosikilizana vizuri, upime mawimbi yao.

Baba, wewe ulitaka achague fani moja. Mwache. Muziki, saikolojia na hisabati vinakaa pamoja, mradi ajue kila kimoja kinadai ushahidi wake: anayethibitisha kwa hisabati amemaliza, anayepima watoto ni lazima apime tena. Mwaka 2015 majaribio 100 ya saikolojia yaliporudiwa, asilimia 36 tu ndiyo yaliyotoa matokeo yenye maana ya kitakwimu, ilhali mwanzoni yalikuwa 97.

Kuhusu yule mwalimu wake anayetaka jina lake litangulie: hakubuni, hakukusanya, hakuandika. Ashukuriwe mwishoni. Na Rehema asidanganywe kwamba majina hupangwa kwa alfabeti kila mahali, hiyo ni desturi ya wanahisabati. Katika saikolojia wa kwanza ndiye aliyefanya kazi zaidi, na huyo ni Rehema.

Nimewakumbuka sana, hasa jioni, saa za mabishano yenu. Baraka nimemsamehe.

La haraka ni hili. Kama makala wameshatumiwa, Rehema awaandikie leo kwamba anaiondoa, abaki na nakala ya barua pepe hiyo, asisaini fomu yoyote ya hakimiliki. Wakidai ada ya kuiondoa wasilipwe. Wakijitia kuichapisha kwa nguvu, barua hiyo ndiyo atakayomwonyesha mhariri wa jarida la kweli, kwa sababu makala iliyokwisha kuchapishwa mahali pengine haipokelewi tena.

Mwanao,
Selemani