Betri ilikufa siku 25 baada ya muda wa kubadilishiwa bure kwisha: nilipe au niachane na duka?

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kutoka Houston, Texas, ambako nimeishi miaka 11 sasa nikifanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Ninakuandikia kuhusu betri ya gari. Najua wapo watakaosema hilo ni jambo dogo mno kulitungia barua ndefu, lakini mtu anayetoka zamu saa moja asubuhi, miguu imevimba kwa kusimama, akakuta gari halitaki kuwaka, katika mji ambao bila gari hufiki popote kwa wakati, hawezi kuliona kuwa dogo.

Betri yenyewe niliinunua tarehe 18 Juni 2022 katika duka la vipuri lililo karibu na ninapokaa, kwa dola 134.99, ikiwa ni bei ya punguzo. Kijana aliyenihudumia alinionyesha stika iliyobandikwa ubavuni, yenye tarakimu 60 iliyoandikwa kwa wino mwekundu, akaniambia kuwa hiyo ndiyo miezi ya dhamana. Mimi nikasikia miaka mitano, nikalipa, nikaondoka nimeridhika. Siku nilipoisoma risiti upande wa nyuma, kwa herufi zilizonilazimu kuvaa miwani, niliona kuwa miezi 24 ya kwanza ndiyo ya kubadilishiwa bure, na miezi 36 inayofuata ni ya dhamana inayopungua: betri ikifa humo, nakatwa thamani ya miezi niliyoitumia, na thamani ya miezi iliyobaki napewa kama punguzo la kununulia betri nyingine dukani humohumo, si kama fedha mkononi.

Nimelelewa Tanga na baba aliyekuwa na teksi, na betri zake zilikuwa zile za maji, zenye vifuniko sita alivyovifungua kila Jumapili kuangalia kama maji yamepungua na kuziacha wazi bamba za risasi. Dhamana aliyopewa ilikuwa neno la mwenye duka: miezi sita, ikifa kabla ya hapo ilete pamoja na risiti. Ilikuwa fupi, lakini ulijua kama uko ndani yake au umetoka.

Sasa nije kwenye kiini cha shida yangu. Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 gari lilianza kuwaka kwa uvivu, stata ikizunguka kama inayoamshwa usingizini. Tarehe 21 Mei nikalipeleka dukani, zikiwa zimebaki siku 28 kabla ya ile miezi 24 kwisha. Mhudumu aliunganisha mashine yake kwenye vichwa vya betri, ikatoa karatasi ndogo mfano wa risiti, ambayo ninayo hadi leo. Inaonyesha volti 12.1, wakati betri iliyojaa hufika 12.6 hivi, na nguvu ya kuwashia ni ampea 505 katika 700 zilizoandikwa kwenye stika. Chini kabisa imeandikwa kuwa betri ni nzuri, inahitaji kuchajiwa tu. Niliwaachia betri usiku kucha, mpwa wangu akanipeleka kazini, na kesho yake nikarudishiwa nikiambiwa kuwa iko sawa. Sikupewa karatasi ya kipimo cha pili baada ya kuchajiwa, na kosa langu ni kwamba sikuidai.

Kisha tarehe 8 Julai kikapiga kimbunga Beryl. Wateja zaidi ya milioni mbili wa mji huu na viunga vyake walikosa umeme, na sisi katika jengo letu tulikaa siku nne gizani. Hapa, ndugu Mshauri, naomba niwe mkweli, kwa sababu ushauri wako hautanifaa kitu nikikuficha: jioni tatu mfululizo tulikaa ndani ya gari kiasi cha saa mbili tukichaji simu tatu na kusikiliza redio, na injini tuliizima ili tusimalize petroli, maana foleni za vituo vya mafuta zilikuwa zimezunguka mitaa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 13 Julai, nikitoka zamu, nilizungusha ufunguo nikasikia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zikawa zinafifia na kurudi. Kaka mmoja Mkongo anayefanya usafi pale kazini alileta gari lake, akaunganisha nyaya kutoka betri yake, nikafika nyumbani. Nilipozima injini, halikuwaka tena.

Dukani, mashine ileile ikatoa jibu jingine: badilisha betri, chumba kimoja cha ndani yake kimekufa. Msimamizi alianza kwa kuniuliza kama niliwahi kuiacha ikaishiwa chaji kabisa, akanionyesha kifungu kinachosema kuwa dhamana haihusu betri iliyoharibika kwa kuishiwa chaji. Nilimweleza habari ya simu. Akatafakari kidogo, akasema kwa kuwa kulikuwa na kimbunga, atanisaidia kwa kutumia ile dhamana inayopungua, na kwamba hilo analifanya kwa hisani. Neno hilo la hisani ndilo lililonichoma, kwa sababu nilikwenda na karatasi ya Mei mkononi.

Akapiga hesabu mbele yangu. Mwezi ulioanza unahesabika kuwa umekwisha, kwa hiyo nimetumia miezi 25 katika 60, imebaki 35. Thelathini na tano kwa sitini ya dola 134.99 nilizolipa ni dola 78.74, na hilo ndilo punguzo langu. Lakini betri ya aina hiyohiyo sasa inauzwa dola 204.99, na bei ya punguzo haichanganywi na dhamana, hivyo natakiwa kuongeza dola 126.25 kabla ya kodi. Nikauliza kama betri mpya nayo itaanza na miezi 24 ya kubadilishiwa bure. Jibu ni hapana: inarithi miezi 35 iliyobaki ya ile ya kwanza, yote ikiwa ya kupungua.

Naomba uitazame hesabu hiyo kwa jicho la mteja. Tarehe 17 Juni ningelipa sifuri. Siku 26 baadaye ninalipa dola 126. Mimi nilidhani kuwa dhamana inayopungua huanza kupungua pale ya bure inapoishia, yaani ningekatwa mwezi mmoja katika ile 36, kumbe siku inapoisha miezi 24 wanarudi nyuma na kuihesabu yote tangu siku ya kununua. Hiyo si ngazi ya kushuka polepole, ni shimo. Tena mimi napimiwa kwa bei ya zamani ninapolipwa, na kwa bei ya leo ninapolipa.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa umeme wa magari, ameniambia mambo yaliyonifanya nisikubali haraka kwamba simu ndizo zilizoiua. Kwa maelezo yake, betri ya ukubwa huu ikiwa nzima hubeba kiasi cha ampea-saa 60, na simu tatu pamoja na redio haziwezi kula zaidi ya ampea tano, kwa hiyo saa mbili zingemaliza kumi tu, jambo ambalo betri yenye afya hulivumilia. Anasema mwuaji halisi wa betri katika mji huu ni joto. Watu wengi hudhani ni baridi, kwa sababu gari hukataa kuwaka asubuhi ya baridi, lakini baridi inafichua tu ugonjwa ulioingia kiangazi, wakati joto la chini ya boneti linapokausha maji na kuila risasi ya ndani. Agosti 2023 hapa palifika nyuzi 109 za Fahrenheit, karibu 43 za Selsiasi, na betri yangu ilikuwa humo, imeegeshwa kwenye lami isiyo na kivuli. Ile ampea 700 inayotangazwa kwenye stika hupimwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo mkazi wa Houston anaweza kuzeeka asiione. Ninanunua sifa nisiyoihitaji, na dhidi ya adui nilonaye stika iko kimya.

Hata hivyo mpwa wangu hakuniachia bila lawama. Kutoka kwangu hadi kazini ni maili nne, na anasema safari fupi namna hiyo haziirudishii betri chaji inayotumika kuliwasha gari, ndipo chumvi ya salfeti inapojijenga na kuganda kwenye bamba za risasi hadi chaji isiingie. Aliipima altaneta, yaani kifaa kinachoichaji betri injini ikiwaka, ikatoa volti 14.2, na alipima pia kama kuna kitu kinachovuta umeme gari likiwa limezimwa, hakukiona. Gari, basi, halina kosa. Tumebaki watatu: betri, joto na maili zangu nne.

Duka jingine, umbali wa dakika kumi, linauza betri inayolingana na hiyo kwa dola 149.99, na dhamana yake ni ya miezi 36 ya kubadilishiwa bure, bila miezi ya kupungua nyuma yake. Tofauti na zile dola 126.25 za duka la kwanza ni dola 23.74. Ikiwa betri ya duka la kwanza itakufa tena baada ya miezi 25, kila mwezi utakuwa umenigharimu dola 5.05, na ile ya duka la pili, kwa miezi 36 ambayo nina uhakika nayo, ni dola 4.17. Kwa hesabu hiyo ile dhamana ya miaka mitano niliyoifurahia haina thamani ya kuirudia kaunta. Hilo ndilo linaloniuma hata nikitaka kulisahau: punguzo la dola 78.74 halinirudishii hasara, linanirudisha dukani tu.

Nimesoma pia kidogo habari za sheria. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inayotaka dhamana ya maandishi kwa bidhaa inayozidi dola 10 itajwe waziwazi kama ni kamili au ina mipaka, na kanuni zake zinataka bidhaa inayozidi dola 15 mnunuzi aweze kuisoma dhamana yake kabla ya kulipa. Yangu imeandikwa kuwa ina mipaka. Sheria hiyo hailazimishi duka kunipa dhamana nzuri. Inalilazimisha kunionyesha ile mbaya, na mimi sikuomba kuiona. Kwa upande wa Texas, mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000 na mtu anaweza kusimama bila wakili. Lakini kufungua shauri kuna ada, kuna siku ya kukosa kazi, na ninachodai ni betri moja.

Maswali yangu, basi, ni haya. Kwanza, je, karatasi ya tarehe 21 Mei inatosha kuwa ushahidi kwamba nililileta tatizo ndani ya muda wa bure, hata kama mashine yao iliita betri nzuri? Mimi naona kuwa aliyepima ni wao, aliyesema nzuri ni wao, na muda uliokwisha ulikwisha betri ikiwa imekwishapita mikononi mwao. Mume wangu anaona kuwa karatasi hiyohiyo inawasaidia wao, kwa kuwa inathibitisha kwamba ndani ya miezi 24 betri ilikuwa haijafa. Tumebishana juu ya jambo hili hadi chai ikapoa, na sijui nani kati yetu ana haki.

Pili, nikiandika barua kwa makao makuu ya kampuni ya duka hilo badala ya kuendelea kubishana na msimamizi, nitaje habari ya simu na kimbunga au niiache? Nimekwisha kuitaja kwa mdomo, na sipendi kuandika kitu kinachopingana na nilichosema, lakini pia sipendi kuwakabidhi kisu kwa mkono wangu.

Tatu, na hili ndilo la haraka, msimamizi amesema hesabu yake inasimama kwa siku 30 tangu siku aliyoiandika. Baada ya hapo mwezi mwingine utakatwa. Nikinunua kwenye duka la pili leo, watataka niwaachie betri ya zamani ili nisitozwe amana ya betri chakavu, na nikiwaachia, nitakuwa nimepoteza kitu chenyewe ninachokidai. Je, niilipe amana hiyo na betri mbovu niiweke kwenye kibaraza hadi barua yangu ijibiwe?

Kwa sasa mpwa wangu amenipa kisanduku chake cha kuwashia gari, ninakihifadhi chini ya kiti na kukichaji mchana nikiwa nimelala. Kila asubuhi saa moja nafungua boneti kwenye maegesho ya kazini nikiwa bado na sare, nabana waya mwekundu, nabana mweusi, nasubiri, nazungusha ufunguo. Siku 30 za msimamizi zinaisha tarehe 12 Agosti, nami nitashukuru sana nikilipata jibu lako kabla ya siku hiyo.

Wako msomaji,
Mwenye Gari Lisilowaka, Houston