Kwa nini tunakurudishia miksi kabla ya kuifanyia masta

Ujumbe wa WhatsApp tunaoupata kuliko wote ni huu: "Kaka, kwenye masta niongezee vokali kidogo, halafu besi igonge." Unachotaka tunakielewa. Ila masta ni hatua ya mwisho, ya kunyoosha wimbo mzima kabla haujatoka, na faili uliloleta (miksi) ni moja, la stirio, na humo vokali, besi, gitaa na kinanda vimeshapikwa chungu kimoja. Nikipandisha eneo la masafa ya 3 kHz (mitetemo 3,000 kwa sekunde) ili mwimbaji asogee mbele, snea (ngoma yenye mlio mkali) na gitaa navyo vinasogea. Nikishusha 7 kHz kwa sababu "s" zake zinachoma, haihati, yale matoazi ya drams, inafifia.

Chombo tunachokitegemea ni ikwalaiza ya parametriki; ikwalaiza ndiyo inayopandisha au kushusha masafa fulani ya sauti. Huenda umeizoea ile nyingine ya ukumbini au kanisani, yenye vifimbo 31 vilivyopangwa safu, kila kimoja na masafa yake yasiyohama. Ya parametriki unaipeleka unakotaka. Kila bendi ina vitufe vitatu vya kuzungusha: kimoja kinachagua masafa, kingine kinapandisha au kushusha, cha tatu, yaani Q, kinaamua eneo liguswe kwa upana gani. Mmarekani George Massenburg aliieleza mbele ya wahandisi wenzake wa sauti mwaka 1972, na programu tunazotumia leo bado zinafuata mpango uleule.

Juzi ilikuja singeli ya mapigo 240 kwa dakika. Hapo pigo linatua kila robo sekunde. Wimbi la 40 Hz linazunguka mara kumi tu, kiki (ngoma nzito ya chini) inayofuata imeshafika. Besi ya prodyuza huyu ilikuwa na mkia mrefu, kila noti inakanyaga mwenzake, na kwenye spika kubwa ukawa mngurumo mtupu. Kwenye simu yake hakuusikia, maana spika ya simu haifiki huko chini. Tukashusha desibeli 1.5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye 50 Hz. Mngurumo ukapungua, lakini na kiki ikalegea, kwa sababu zinakaa nyumba moja. Tukarudisha tulivyovikuta, tukamwomba aifupishe besi kwenye projekti yake. Kazi ya dakika chache. Miksi ya pili, huko chini tulikata tu yaliyo chini ya 25 Hz, basi.

Desibeli 1.5 unaiona ndogo? Kwenye masta ni nyingi, kwani inagusa wimbo mzima. Mara nyingi tunaishia nusu desibeli. Na kila tukilinganisha kabla na baada, tunasawazisha kwanza ukubwa wa sauti, maana sikio likisikia sauti kubwa zaidi linadhani ndiyo nzuri zaidi.

Halafu kuna ile mbinu ya YouTube: pandisha desibeli 10 kwa Q nyembamba, tembeza mpaka usikie uchafu, kata. Sisi hatuipendi. Desibeli 10 popote pale hukera, hata kwenye sauti safi, na mwisho unakata visivyo na kosa. Tumepokea miksi zilizotobolewa hivyo mara kumi na mbili, zimebaki nyembamba kama zinapigwa ndani ya kopo.

Kwa hiyo tunasikiliza kwanza, na hatutozi chochote kwa hilo. Tukiona kuna la kurekebisha kwenye miksi, utapata voice note inayotaja dakika na sekunde: "1:12, gitaa la pili limemfunika mwimbaji." Ukiirekebisha, tunaendelea. Ukisema umeipenda hivyohivyo, wimbo ni wako, tutafanya masta na kukueleza mapema kitakachobaki.

Tuma WAV ya biti 24, limita (kidhibiti kinachozuia sauti isivuke kiwango) ikiwa imezimwa, kilele cha sauti kikiishia kama desibeli 3 hadi 6 chini ya sifuri, yaani ukomo wa juu wa faili. Na tafadhali, usiitume WhatsApp kama audio ya kawaida, itabanwa njiani. Itume kama dokumenti, au weka Google Drive utupe linki.