Breki na bodi zitangulie, injini ingoje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu vijana wanaonunua magari ya misuli ya Kimarekani, yaani yale yenye injini kubwa na nguvu nyingi, yaliyokwisha kutumika, kisha wakayaongezea nguvu nyumbani ili yafae kwa barabara na kwa mbio za robo maili. Mwandishi anastahili pongezi kwa kugusa jambo ambalo magazeti yetu hulipita tu. Hata hivyo, ushauri wake mkuu, kwamba mwenye fedha kidogo aanze na injini kwa kufunga supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, au mtungi wa naitrasi, gesi ya kuongeza nguvu ya mlipuko, hauwezi kuachwa bila kujibiwa, kwa kuwa vijana wengi wa jamii yetu hapa Ohio, Watanzania, Wakenya na Wakongo, hulisoma gazeti lenu kwenye simu na huyachukulia yaliyoandikwa humo kuwa ni neno la fundi.

Gari alilolitolea mfano ni Ford Mustang 5.0 ya kizazi cha Fox, kilichotengenezwa tangu 1979 hadi 1993, na kwa hilo alichagua vizuri, maana ni gari jepesi, lenye uzito wa takribani kilo 1,450, na vipuri vyake bado vinapatikana kwa urahisi. Kuanzia 1987 hadi 1992 kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 225, nazo mwandishi anaziona haba. Alichosahau kuwaambia wasomaji ni kwamba injini hiyo hutoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa futi-pauni 300, ilhali giaboksi ya gia 5 aina ya T-5 iliyofungwa katika magari ya kabla ya 1990 ilikadiriwa kuhimili futi-pauni 265, na ile iliyoimarishwa ya 1990 na kuendelea ilifikishwa 300 tu. Gari lilitoka kiwandani giaboksi ikiwa tayari imefika ukingoni, na aghalabu gia ya tatu ndiyo hutangulia kung'oka meno. Anayeongeza supachaja juu ya giaboksi hiyo, tena iliyokwisha kuendeshwa miaka zaidi ya 30, hanunui mwendo bali ananunua siku ya kuvutwa na lori hadi nyumbani.

Kabla ya yote, mnunuzi alale chini ya gari na taa mkononi. Mustang hii haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na mikono inayoishika ekseli ya nyuma imefungwa kwenye visanduku vya mabati yaliyochomelewa sakafuni, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Kila unapoachia klachi kwa nguvu, msukumo wote wa magurudumu hupitia katika visanduku hivyo kwenda kwenye bodi. Hapo ndipo gari hili hupasuka hata kama halina kutu, na hapa Ohio, ambako chumvi humwagwa barabarani majira yote ya baridi, kutu ni jambo la kawaida. Gonga kila pembe kwa mpini wa bisibisi na usikilize: bati zima hulia, bati lililoliwa hutoa mlio uliokufa, na pengine ncha ya bisibisi ikapenya hadi ndani. Tazama pia rangi kandokando ya mishono ya kuchomelea, kwa sababu ufa huanza kama mstari mwembamba wa kahawia unaofanana na alama ya kalamu. Muuzaji atakuambia kwamba hiyo ni rangi tu iliyochanika. Usimwamini.

Visanduku vikiwa vizima, au vikishatengenezwa, fedha ya kwanza ya kuboresha gari iende kwenye bamba za kuviimarisha na kwenye vyuma viwili vinavyounganisha reli za mbele na reli za nyuma, yaani mihimili ya bodi, chini ya sakafu. Kazi hii inawezekana nyumbani kwa mtu anayejua kuchomelea, mradi gari liwe limesimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu wakati wa kuunganisha vyuma hivyo. Ukiliinua kwa pembe za bodi likaning'iniza ekseli, utalichomelea likiwa limepinda, na litabaki na upinde huo daima. Waya wa betri ufunguliwe kwanza ili kompyuta isiungue, tangi la mafuta, ambalo liko nyuma ya ekseli, likumbukwe kila cheche inaporuka, na kizima moto kiwe mahali mkono unapofika. Jeki peke yake haimtoshi mtu kuingia chini ya gari, na hili nalirudia ingawa kila mmoja anadai kulijua, kwa sababu bado naona vijana wakiweka matofali ya saruji badala ya stendi za chuma, na tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Baada ya bodi ni breki. Magurudumu ya mbele yana diski na ya nyuma yana ngoma, mpangilio uliotosha kwa dereva wa mjini wa mwaka 1988, ila hautoshi kwa gari linalovuka mstari wa mwisho likiwa katika mwendo wa maili 100 kwa saa na zaidi, kisha likatakiwa kupunguza mwendo kabla njia haijaisha. Mustang za kuanzia 1994 zilikuja na diski kwenye magurudumu yote manne, na mafundi wengi wa nyumbani huchukua vifaa vya magari hayo kutoka kwenye yadi za skrepa na kuvihamishia kwenye Fox. Mwenye kufanya hivyo ajue mapema kwamba magurudumu yatatoka kwenye nati 4 kuingia nati 5, kwamba ekseli za gari hilo jipya ni ndefu kidogo na tairi pana linaweza kugusa bodi, na kwamba silinda kuu ya breki sharti ibadilishwe pia, la sivyo pedali itakuwa ngumu au itazama bila nguvu. Asiye na uwezo huo aweke pedi bora, mipira mipya ya breki na mafuta mapya ya breki, na tayari atakuwa amefanya jambo kubwa kuliko supachaja.

Ndipo tuje kwenye mwendo wenyewe, na hapa mwandishi angeshangaa jinsi ulivyo rahisi. Magari mengi ya gia za mkono yalitoka kiwandani na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ya uwiano wa 2.73 au 3.08, iliyokusudiwa kubana matumizi ya mafuta kwenye barabara kuu. Kubadilisha uwiano huo kuwa 3.55 au 3.73 hulifanya gari liondoke kana kwamba limeongezewa silinda, bila injini kuguswa. Ni kazi ya kipimo: meno hupakwa rangi maalumu, huzungushwa, kisha alama iliyobaki husomwa ili kujua kama pinioni, ile gia ndogo ya difu, iko mbali au karibu mno, na anayekosea atasikia difu ikilia mwaka mzima. Mimi ningemshauri kijana alipe fundi kwa hatua hiyo moja. Asisahau tu kubadilisha kile kijigia cha plastiki kilicho mwisho wa waya wa spidomita, maana bila hivyo spidomita itasema uongo mbele ya askari.

Jambo jingine lisilo na gharama ni taimingi, yaani wakati ambao plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu. Kiwanda kiliweka nyuzi 10, na wengi huisogeza hadi 14 wakitumia petroli ya daraja la juu. Karibu na distributa kuna kiplagi kidogo ambacho lazima kichomolewe kabla ya kupima kwa taa ya taimingi, kwa sababu kikibaki mahali pake kompyuta huendelea kusogeza wakati wa cheche yenyewe, na unachokisoma si kile ulichokiweka. Baada ya kupima kinarudishwa. Injini ikianza kugonga unapokanyaga mafuta, rudisha nyuzi mbili bila kubishana nayo.

Kuhusu mahali pa kushindana, makala yalisema kwa wepesi kwamba "barabara tupu usiku" inatosha. Kauli hiyo sikuitarajia katika gazeti la heshima. Sheria ya Ohio inamwezesha hakimu kumfunga mshindani wa barabarani hadi siku 180 na kumnyang'anya leseni kwa muda wa siku 30 hadi miaka 3, na kwa sisi tulio wahamiaji kuna zaidi ya hapo, kwani fomu ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kukamatwa. Karibu na jiji letu la Columbus, huko Hebron, kuna National Trail Raceway, uwanja wa mbio za robo maili uliopo tangu 1964. Shirika la NHRA, linalosimamia mbio hizi Marekani na lililoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951 kwa shabaha hasa ya kuwatoa vijana barabarani, limeweka kanuni zinazoeleweka: anayemaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au chini yake avae helmeti. Gari la zamani kama hili likifika 11.49 liwe na nguzo za chuma za kumkinga dereva likipinduka. Na likifika 10.99 ekseli za kiwandani hazikubaliki tena. Tairi laini za mbio, zinazoshushwa upepo ili zishike lami, zifungwe ukifika uwanjani na zifunguliwe kabla ya kurudi, kwa sababu mvua ikinyesha njiani hazina mifereji ya kutosha ya kutoa maji.

Injini nimeiacha mwisho kwa makusudi. Inaweza kuongezwa vichwa vya silinda vya aluminiamu, kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, na ekzosi iliyo wazi zaidi, mradi vifaa vya kudhibiti moshi visitolewe katika gari la barabarani, kwa kuwa sheria ya shirikisho inakataza hata katika wilaya zisizopima moshi. Lakini bloku ya kiwandani ina kikomo chake, ambacho mafundi wengi hukihesabu kuwa karibu nguvu za farasi 500; zaidi ya hapo huweza kupasuka katikati kwa urefu wake, na hakuna wa kuichomelea. Supachaja aliyoisifu mwandishi humfikisha mtu karibu na kikomo hicho kabla hajajua kuliondosha gari kwenye mstari.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, kwamba mtakapochapisha tena habari za gari la namna hii, pamoja na idadi ya farasi inayotajwa na mwenye gari mchapishe pia karatasi ya muda anayopewa dereva uwanjani, hasa mstari wa futi 60 za mwanzo. Takwimu hiyo huonyesha kama tairi, difu na bodi vinafanya kazi pamoja, na fundi yeyote atakayeiona atajua mara moja fedha ya kijana huyo ilikwenda wapi.

Wenu,
Fundi wa magari,
Columbus, Ohio